Pua ya Mama

Baba alipofariki, picha tuliyoiweka kwenye kilio chake ilikuwa ile ya kadi yake ya kupigia kura. Hatukuwa na nyingine. Fundi wa fotokopi aliikuza mpaka uso ukawa madoadoa matupu, na macho yakamtoka baba kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Tuliiegemeza juu ya meza chini ya turubai, tukaizungushia maua ya plastiki, na watu wakaanza kuingia. Wengine walisimama mbele yake, wakaitazama, wakatutazama sisi, kisha wakauliza kwa sauti ya chini kama ni hapa kweli. Rafiki yake mmoja, waliyefanya naye kazi mgodini tangu ujana, aliipita parsele yetu, kiwanja na nyumba, moja kwa moja. Wiki hiyo kulikuwa na kilio kingine barabara ile ile, karibu na wauza makaa. Akaingia huko, akalia kwa uchungu, akala, akaenda zake. Baadaye alikuja kutuambia kwamba tulimsindikiza baba vizuri na ugali ulikuwa laini.

Sisi watoto tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mama hakucheka.

"Tata yenu balimuliliaka kama mugeni," alisema, na akaendelea kusema hivyo miaka yote iliyofuata. "Mi hapana. Mi nitakufa na picha yangu tayari."

Kupigwa picha, hata hivyo, hakuwezi. Simu ikiinuliwa tu, mama anafumba macho. Picha zote za harusi za familia yetu zina mwanamke mmoja aliyesimama pembeni, kitambaa kizuri kichwani, amelala usingizi. Ndiyo maana asubuhi moja ya baridi, mwezi wa saba, alinigeukia mimi.

"We unachoraka bang'ombe ya bantu kila siku," alisema. "Sasa unichore mi."

Ni kweli, kazi yangu ni rangi. Ukipita Dilala, hapa Kolwezi, ukaona kichwa cha kinyozi ukutani, yaelekea ni changu, na vichwa vyote hivyo vinafanana na binamu yangu kwa sababu ndiye peke yake aliyekubali kukaa kimya. Ng'ombe wa buchari ni wangu. Jino la daktari wa meno ni langu. Watu huniita mama mupeintre, yaani mchoraji, na huniogopa kidogo, maana nina hasira za karibu na mara nyingi niko juu ya ngazi. Mtu akisimama chini akaniambia ng'ombe wake amekonda, namwambia alete huyo aliyenona nimwone.

Lakini nilikuwa na siri yangu. Nilipokuwa nasoma uchoraji Lubumbashi, mwalimu mmoja alitupitishia kitabu kisicho na jalada, na ndani yake kulikuwa na vyumba. Vyumba tu vya watu wa kawaida, vilivyochorwa kwa rangi za mafuta. Mwanamke anashona kando ya dirisha. Ukisogeza jicho karibu, huoni mwanamke wala dirisha, unaona mabaka ya rangi kama mtu amepangusa brashi yake. Ukirudi nyuma, chumba kinakuja. Unajua kuna joto mle ndani, unajua chai iko karibu kuiva. Uso wa yule mwanamke haukuwa na kitu, na bado ningemtambua sokoni. Nilikibeba kitabu kile kichwani miaka yote, na hakuna muuza nyama hata mmoja aliyewahi kuniomba ng'ombe wa namna hiyo. Mama aliponiambia nimchore, nikajisemea: leo.

Salon yetu, chumba cha kukaa, ni ya nyumba ya zamani ya kampuni ya mgodi, dirisha moja kubwa upande wa barabara na sakafu ya saruji nyekundu ambayo mama huisugua mpaka mgeni anaogopa kuikanyaga. Dirisha lina pazia la kijani, rido tunavyoiita. Asubuhi jua likipenya rido ile, chumba kizima kinakuwa kijani cha maji: thermos, vitambaa vya kufuma juu ya makochi, televisheni iliyofunikwa kama bibi harusi, picha ya baba na macho yake yale. Katikati ya hayo yote mama hukaa kwenye kiti chake, ungo wa maharagwe mapajani, mgongo upande, goti lake bovu limenyooshwa mbele. Nilikuwa nimeupita mwanga ule maisha yangu yote nikienda kutafuta viatu.

Nilichukua gunia la unga wa ngano, nikalifua, nikalitandaza juu ya fremu. Wachoraji wengi wa kwetu hufanya hivyo. Herufi za kiwanda zilikuwa bado zinaonekana kwa mbali.

"Utaniweka juu ya farini?" mama aliuliza. "Mi haiko mukate."

Siku ya kwanza alivaa kikwembe, kitenge chake cha Jumapili, akaweka mikono magotini, akakaza midomo, akanitolea macho kama niko naye mahakamani. Nilingoja. Uso wake ukaanza kubadilika rangi.

"Mama, pumua."

"Nikipumua, photo itaharibika."

"Haiko photo."

"Njo vile banasemaka bote."

Nikampa ungo wake. Alipoanza kuchagua maharagwe alinisahau, mgongo ukalegea, akarudi kuwa mama, na mimi nikaanza kukimbia na brashi. Ila alikuwa anasahau kwa muda mfupi tu, kwa sababu ya rido. Kila mara akimwona jirani yetu anapita barabarani, aliruka kuifunga, na mwanga wangu wote ukazimika.

Jirani huyo alikuwa rafiki yake mkubwa. Familia zao zilitoka Kasai zamani, za wafanyakazi wa mgodi, wakakulia barabara moja na kuimba kwaya moja. Halafu jirani akaazima kinu cha mama cha kutwangia sombe, majani ya muhogo, akakirudisha kimepasuka, akasema kilipasuka chenyewe. Tangu hapo hawakusemezana. Kanisani walikuwa wanaimba wimbo mmoja, kila mmoja akiangalia ukuta wake.

"Mama, acha rido. Ninachora mwanga."

"Mwanga iko bure, inakuyaka kila siku," alijibu. "Mi njo nitakufa. Unichore mi."

Nilichora vyote viwili. Nasema bila haya kwamba sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile. Nilitia kijani kwenye shavu la mama, na zambarau chini ya kiti, na sakafu nyekundu ikapanda kidogo mpaka kwenye pindo la kikwembe chake. Uso niliuacha ukiwa mabaka: moja jeusi, moja la kahawia, moja la dhahabu pale jua lilipomgusa. Nilirudi nyuma mpaka mlangoni, nikaona ni yeye, kweli ni yeye, nikamwita aje.

Alikuja akipangusa mikono. Aliitazama kwa muda.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Pua iko wapi?"

"Usimame mbali kidogo, utaiona."

Alirudi nyuma hatua moja. Akarudi tena mpaka kwenye veranda. Akashuka uani, akaenda mpaka langoni, akageuka na kukunja macho.

"Nifike mpaka kule mbali, Kingamyambo, njo nitaona pua yangu?" alipiga kelele kutoka kule. "Tata yako aliniowaka juu ya hii pua!"

Nikamweleza. Nikamwambia habari za mwanga, na kitabu, na wale wanawake wa madirishani. Nilitumia hata maneno ya shuleni, jambo ambalo huwa nafanya nikiwa nashindwa. Mama alirudi ndani akakaa kwenye kiti kile kile, na safari hii hakupiga kelele.

"Bantu batakuya ku kilio," alisema, "bataona kikwembe inakaa yenyewe pa kiti. Batapita, kama balipitaka tata yako."

Ningenyamaza pale. Mtu mwingine angechukua brashi ndogo na kumtia mzee wa watu pua, macho na hereni, kwisha maneno. Mimi nikasema kama anataka pua, fundi wa fotokopi bado yuko hai, amfuate. Nikatoka na mlango nikaubamiza.

Kuanzia hapo mama hakusema nami. Alisema na baba. Alisimama mbele ya picha yake ya kadi ya kura na kusema, "Tata, uambie mutoto yako bukari inapoa." Nami nikamjibu baba kwamba nashukuru, ugali nitaula baadaye. Baba alituangalia sote wawili kwa macho yale yale.

Sasa, rangi za mafuta hazikauki upesi, na mwezi wa saba na baridi yake ndiyo kabisa. Harufu ikaenea nyumba nzima. Baada ya siku chache mama alimwambia baba kwamba kichwa kinamuuma na picha ile itoke nje. Nikaitoa. Niliiweka kwenye veranda, juu ya meza ndogo, ikiangalia barabara, kwa kuwa jua liko upande huo. Nyuma yake nikatundika shuka jeupe ili ukuta usiiguse. Viti vya plastiki vilikuwa tayari uani vimepangwa safu, maana akina mama wa kanisa walikuwa na mkutano kwetu Jumapili. Ikabaki vumbi. Malori ya mawe hupita mbele yetu kutwa nzima, na kila lori linaacha wingu jekundu linaloshuka polepole na kukaa juu ya kila kilicho kibichi. Nikaenda kwenye mchikichi wetu nyuma ya nyumba, nikakata matawi mazuri marefu, nikayachomeka langoni, huku na huku, na mengine kandokando ya barabara, yazuie vumbi.

Mimi nimezaliwa hapa. Nimehudhuria vilio tangu niko mgongoni. Najua, kama kila mtoto wa Kolwezi ajuavyo, maana ya matawi ya mchikichi langoni: hapa pana kilio. Lakini siku ile niliyashika kwa mikono yangu mwenyewe na sikuona kitu kingine ila vumbi. Nikajipangusa, nikachukua ndoo yangu, nikaenda kazini nimeridhika.

Nilikuwa juu ya ngazi, nachora sindano kwenye ukuta wa duka la dawa, pale kijana wa taksi-moto, dereva wa pikipiki, aliposimama chini. Alivua kofia yake. Kijana wa taksi-moto havui kofia hivi hivi.

"Yaya, pole sana," alisema, kama kwa dada yake mkubwa. "Kwenu kuko kilio."

"Kilio ya nani?"

"Ya mama yako. Picha yake iko inje, bantu beko banakuya."

Mtu mwenye akili angecheka hapo hapo. Kasema picha, na picha niliitoa mwenyewe. Lakini mimi baada ya neno mama sikusikia lingine. Sikumbuki nilivyoshuka ngazi. Nakumbuka niko nyuma ya pikipiki na brashi bado mkononi, rangi nyekundu inachuruzika mgongoni kwa yule kijana, naye kwa heshima hasemi kitu. Nilikuwa nalia kwa sauti. Kilichokuwa kinanila ni kwamba neno langu la mwisho kwa mama lilikuwa fundi wa fotokopi. Na lingine lilikuwa baya zaidi: kwamba alikufa akijua watu watapita.

Hawakuwa wamepita. Uani kulijaa. Viti vyote vilikuwa na watu, kanga na vikwembe vimefungwa viunoni, wanaume wamekunja mikono, mtu tayari anatafuta mahali pa kufunga turubai. Kwaya ilikuwa imeanza kuimba. Na mbele ya picha, chini kabisa kwenye saruji, alikuwepo yule jirani wa kinu. Alikuwa amevua viatu na kitambaa cha kichwa, anaomboleza kwa Kiluba cha Kasai na Kiswahili pamoja.

"Unaniacha!" alikuwa anapiga kelele. "Ona vile anakaa! Ona ule mukono! Nitagombana na nani sasa? Kinu ni mi nilipasulaka, mama, ni mi! Niliangushaka!"

Halafu akajitupa juu ya picha na kuikumbatia. Rangi ilikuwa bado mbichi.

Mimi nilimruka nikaingia ndani. Salon, kiti kitupu. Chumba cha kulala, kitanda kimetandikwa. Nikapiga magoti pale pale kwenye korido, nikamlilia mama yangu kama mtoto, na nilikuwa sijafika mbali na kilio changu pale mlango wa jikoni ulipofunguka kidogo na mkono ukanivuta ndani.

Alikuwa mama, amesimama nyuma ya mlango, mwiko mkononi, sikio limebana kwenye ufa.

"Nyamaza," alininong'oneza. "Acha amalize. Eko anasema juu ya kinu."

Nilimshika miguu. Akanitazama chini kwa mshangao.

"Na we uko unalilia nani?"

Nilimweleza habari ya vumbi na matawi huku nikijifuta kamasi. Yeye alikuwa amesinzia jikoni, akaamka, akasikia watu wanaimba, akachungulia akidhani akina mama wa kanisa wamekosea siku, kisha akasikia jina lake. Alikuwa amesimama pale tangu mwanzo wa nyimbo. Niliona kwamba macho yake yalikuwa mekundu kuliko yangu.

"Banakuya bote," alisema. "Ata wa kule karibu na kanisa."

"Toka, mama. Watakufa kwa huzuni."

"Kidogo tu."

Alingoja jirani ataje tena kinu, kisha akajifunga kikwembe vizuri, akatoka.

Sitaeleza yote. Kwaya ilikatika katikati ya neno. Viti vilianguka. Mzee mmoja wa kanisa, mwenye fimbo, aliruka ukuta na fimbo yake ikabaki upande wetu. Wanawake walilitaja jina la Yesu kwa sauti tofauti tofauti. Jirani peke yake hakukimbia. Aligeuka pale chini, shavu moja lote kijani na dhahabu, akamwangalia mama kuanzia kichwani mpaka kwenye lile goti bovu. Akainuka, akampiga kofi begani, akamkumbatia, akampiga tena.

"Unanilizisha bure!" alisema. "Na kinu nishasema!"

"Nilisikia," alisema mama.

Walilia kwanza, halafu wakacheka, halafu mama akamshika mikono akamweka mbali kidogo. Nikajua anachotaka kuuliza. Niliogopa jibu la jirani kuliko nilivyoogopa nyuma ya pikipiki.

"Ulijua namna gani ni mi?" mama aliuliza. "Uso haiko. Pua haiko."

Jirani akaigeukia picha kana kwamba ndiyo kwanza anaambiwa.

"Uso ya nini?" alisema. "Nani mwingine anakaaka vile? Mugongo pa upande, kama mutu anangojea matata. Nilikuona toka kule ku barabara."

Watu waliokuwa wamerudi langoni wakaitikia kwamba ni kweli, nao walimwona toka barabarani, toka kwenye lori, hata kabla ya kuona matawi. Mama aliwapita wote, akasimama mbele ya picha yake, karibu kabisa, mahali ambapo haonekani mtu wala dirisha.

Kwetu huwezi kuwarudisha watu na njaa kutoka kilioni, hata kama maiti mwenyewe ndiye anayepika. Tuliyabandika yale maharagwe. Waliokuja kulia walikula, wakachekana, wakamwita mzee wa fimbo arudi. Jioni mjomba alifika kutoka Fungurume na godoro lake la kulalia kilioni, akamkuta dada yake anampakulia sahani, ikabidi akalishwe na kupewa maji kabla hajaweza kusimama tena.

Walipoondoka, nilichukua brashi ndogo. Shavu la jirani lilikuwa limekokota rangi yote ya uso, ikajikusanya katikati, nene, imeinuka. Nilitaka kuilainisha ikiwa bado mbichi. Mama alikuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha, rido wazi.

"Acha," alisema. Alikuwa anasema na mimi, siyo na baba. "Njo pua yangu ile. Inakuya yenyewe."

Nikaweka brashi chini. Nikafunga mikebe ya rangi, nikidhani amemaliza.

"Habatapita," alisema baadaye, kwa sauti ndogo.

"Hawatapita, mama."

Alitikisa kichwa kukubali, akanituma nikayatoe yale matawi langoni kabla watu wengine hawajaja. Nikaenda. Niliyang'oa moja moja, na sikuwa na haraka, kwa sababu nilijua kwamba siku moja mikono hii hii itayarudisha pale, na hakutakuwa na mtu nyuma ya mlango wa jikoni.